Springi Nne Nyekundu za Klachi ya Baba

Jumapili, mwishoni mwa Januari. Saa kumi alasiri. Joto la kukaanga watu, umeme umekatika tangu asubuhi, na mimi sina hamu ya kuzungumza na binadamu yeyote.

Nimejifungia karakanani kwangu hapa Malindi. Kibao cha kusema tumefunga nimekielekeza barabarani, na bado mwendesha boda mmoja amegonga mlango akauliza fundi yuko wapi. Nimemwambia fundi amekufa. Akaiangalia ovaroli yangu, akaiangalia mikono yangu yenye grisi, kisha akauliza atarudi lini.

Naandika kwa hasira na wala sitaipunguza ili mtu asome kwa raha. Nina hasira na kaka yangu Twalib. Nina hasira na kundi letu la WhatsApp la familia, watu kumi na tisa wasio na ulimi hata mmoja. Na nina hasira na huyu fundi anayeandika haya, ambaye kosa lake ni kubwa kuliko la wote.

Twalib, najua huwa unausoma ukurasa wangu huu kimyakimya. Leo soma mpaka mwisho.

Baba ana pikipiki ya tu-stroki kuukuu kuliko mimi, na mimi nina miaka arubaini na mbili. Tu-stroki ni zile injini za zamani zinazochoma oili pamoja na petroli, zinalia kwa sauti nyembamba na kuacha moshi wa buluu nyuma yake. Vijana wa boda hawazijui. Mmoja aliwahi kumtilia Baba petroli tupu, eti kumsaidia, pistoni ikakwama kabla hajafika sokoni. Baba aliinunua zamani alipokuwa msoma mita za maji, na jina la kampuni iliyoitengeneza limeshafutika kwenye tangi kwa kusuguliwa na magoti yake. Kwenye injini hiyo ndipo aliponifundisha kushika spana, kwa sababu mtoto wake wa kiume hakutaka kuchafua kucha. Hilo nalo nalisema kwa makusudi.

Sasa Baba ana miaka sabini na sita. Kila Jumatatu na Alhamisi huenda shambani kwake Ganda kuangalia minazi na mikorosho. Kuangalia tu, maana wanaolima na wanaokwea ni wengine. Lakini akirudi na vumbi kwenye nyusi humwambia Mama kwamba leo amefanya kazi, na Mama humtengea maji ya kuoga. Siku nyingine zote ni mzee aliyekaa. Siku hizo mbili ni mtu mwenye shughuli.

Wiki tano zilizopita, kwenye njia panda ya kuingilia Ganda, klachi ilimwangusha. Pleti zake zilikuwa zimelika zikabaki nyembamba, kwa hiyo hazikuweza tena kushika nguvu ya injini na kuipeleka kwenye gurudumu. Baba alikuwa katikati ya barabara kuu. Akazungusha mpini wa mafuta, injini ikapiga kelele, pikipiki isisogee. Likaja lori la mchanga. Dereva alikwepa, Mungu ampe maisha marefu, na Baba akaanguka upande wa kushoto pamoja na pikipiki yake. Kifundo cha mkono kikatenguka, goti likachubuka, na kanzu ikapasuka mpaka kiunoni, jambo ambalo lilimuuma kuliko yote.

Nimeshukuru Mungu, na naendelea kushukuru. Sasa nirudi kwenye hasira.

Siku ile ile Twalib alituma sauti ya dakika nne kutoka Kilifi. Baba asipande tena. Wote tukakubali, mashangazi wakalia kidogo, mtu akaleta dua. Kisha Twalib akauliza nani atamwambia.

Kwetu mtoto hamwambii mzazi usoni kwamba amezeeka. Utazunguka. Utamtuma ami yako, utamwomba imamu aguse jambo hilo kwa mbali, utajifanya kuna gari linakwenda Ganda siku hiyo hiyo na lina nafasi moja. Ami alijibu kwamba ana presha. Mama akasema yeye amemwambia kwa miaka thelathini, sasa ni zamu ya wengine. Kufikia Magharibi kundi lilikuwa limehamia kwenye sare za arusi ya binamu yetu.

Mimi niliandika kwamba tatizo ni klachi na nitaitengeneza. Nilijibiwa na ua moja jekundu.

Nikaitengeneza. Na nitasema hapa bila haya kwamba ile ilikuwa kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilimwaga oili ya giaboksi, nikafungua kifuniko cha ubavuni, nikazitoa pleti tano zenye vipande vya kizibo, zile za zamani, nyeusi na zenye harufu ya kuungua. Hazipatikani tena. Nilizunguka maduka ya spea kuanzia hapa mpaka Kilifi nikichekwa. Mwishowe nilichukua pleti za pikipiki ya kisasa zinazokaribiana nazo, nikayapiga tupa meno yake moja moja mpaka yakaingia. Zile za chuma zinazokaa katikati nikatafuta nyembamba zaidi, ikapatikana nafasi ya pleti ya sita. Kahindi, fundi mwenzangu, mtu wa Ganda anayenizidi miaka kumi, alinichomelea pleti kuukuu kwenye kipande cha nondo kuwa kishikio cha kuizuia klachi isizunguke wakati nafungua nati. Pleti mpya tukaziloweka kwenye oili siku nzima.

Sita badala ya tano, na springi zake nne za zamani zile zile za kuzibana pleti, laini. Nikampakia Kahindi nyuma, naye si mwepesi, nikaenda naye mpaka Ganda na kurudi kwa ile njia ya mchanga. Haikuteleza hata mara moja. Na mkono wa klachi kwenye usukani nilikuwa naubana kwa vidole viwili. Nilirudi nikicheka peke yangu ndani ya helmeti.

Hapo kazi ilikuwa imekwisha. Ningeweka spana chini, leo ningekuwa nimelala.

Jumamosi, wiki mbili zilizopita, akaja Twalib. Aliegesha gari kivulini, akaingia akinyanyua kanzu isiguse sakafu yangu, akaikamata klachi ya pikipiki. Akaibana, akaiachia, akaibana.

"Nyepesi mno, Rukia," akasema.

Nikamwambia ndivyo inavyotakiwa kuwa. Akaniuliza kama haiwezekani kuifanya nzito. Alizungumza polepole, kwa ile sauti yake ya kikao. Hatumnyang'anyi chochote, alisema. Pikipiki itabaki yake, funguo zitabaki zake. Atajaribu, ataona mwenyewe kwamba mkono hauwezi, atapumzika kwa heshima yake, na hakuna mtoto atakayekuwa amemvunjia adabu.

Kwa heshima yake.

Natamani kuandika kwamba alinilazimisha. Hakunilazimisha. Usiku mmoja kabla ya hapo nilikuwa nimeota lile lori. Nilikuwa namwogopea Baba, na nilikuwa namwogopa Baba, na hapa alisimama mtu ananionyesha namna ya kumaliza hofu zote mbili kwa spana tu bila kufungua mdomo. Nilikuwa na springi nne kwenye kopo, za pikipiki kubwa ya kubebea mizigo, ngumu, zimepakwa rangi nyekundu kiwandani ili mtu asizichanganye na nyingine. Pleti sita hazikuzihitaji. Nilijua hazihitajiki. Nilifungua kifuniko tena nikazifunga.

Kahindi alikuwa amesimama pale na spana namba kumi mkononi. Nilinyoosha mkono anipe. Hakunipa. Aliiweka juu ya meza.

"Hiyo si klachi tena, Rukia," akasema. "Hiyo ni kufuli."

Akanawa mikono, akaenda kunywa chai, na siku ile hakurudi.

Jumatano iliyofuata Baba alikuja. Bendeji imetolewa, kifundo kimekandwa kwa mafuta ya ufuta wiki tatu, kanzu mpya, helmeti kwapani. Nilimwamkia, akaniitikia, akaizunguka pikipiki akiishika hapa na pale. Alipiga kiki moja tu na injini ikawaka. Alitabasamu. Sijui kama Twalib amewahi kuliona lile tabasamu, maana hutokea karibu na injini tu.

Kisha akaikamata klachi.

Ilifika nusu. Akaiachia, akaufuta mpini kwa kiganja, akajaribu tena. Nusu. Akaweka mkono wa kulia juu ya ule wa kushoto, akabana kwa yote miwili, na ikafika, lakini mtu hawezi kuendesha hivyo kwa sababu mkono wa kulia una kazi yake. Mimi nilikuwa napangusa spana ambayo ilikuwa safi. Baba akazima injini. Akafunga koki ya petroli kama anavyofanya siku zote.

"Mkono umekwisha, mwanangu," akaniambia. "Kazi yako ni nzuri, injini inalia vizuri. Ni mimi."

Nikasema, "Pole, Baba."

Basi. Baba alinifundisha kwamba fundi akifunga kitu vibaya hukiri kabla mteja hajafika mlangoni, nami nilimwacha afike mlangoni, atoke, apotelee kwenye jua na helmeti yake kwapani.

Jioni Twalib aliandika kundini kwamba mzee ameamua mwenyewe kupumzika, alhamdulillahi. Watu wakaanza kuweka vile viganja vya dua. Niliwahesabu mpaka wakafika kumi na saba. Wa kumi na nane nilikuwa mimi.

Sasa lisikilize langu mwenyewe, maana hapa ndipo panaponichoma.

Tangu siku zile Mama amekuwa akiniletea chakula karakanani, na Jumapili nala kwao. Chakula kimekuwa cha ajabu. Wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharagwe ya nazi, mchicha wa nazi, mpaka muhogo wa nazi siku ya kazi ambayo zamani ungekuwa wa kuchemsha na chumvi. Juzi nilimtania Mama kwamba wamefungua kiwanda. Akacheka, akasema siku hizi babako ameshika zamu ya nazi. Nikafikiri ni mzee aliyekosa la kufanya, anazunguka miguuni mwa mkewe. Nikala. Nikasifu tui lilivyo zito.

Leo nilifika mapema, nikaingia kwa mlango wa uani.

Baba, ambaye katika umri wangu wote sikuwahi kumwona akivuka kizingiti cha jikoni, alikuwa amekaa kwenye kigoda, mikono ya kanzu imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa kwenye mbuzi anakuna nazi, ametupa mgongo. Kati ya miguu ya Baba palikuwa na bakuli. Kwenye mkono wake wa kushoto, kifumbu cha kuchujia tui, kimejaa chicha. Anakibana mpaka mishipa inasimama, anahesabu kwa midomo, anaachia. Anabana tena. Mkono wa kulia ameuweka gotini, haumsaidii.

Nikamwamkia, "Shikamoo, Baba."

"Marahaba." Hakusimamisha kazi. "Nazi tatu kwa siku," akasema. "Mwanzo nilikuwa sifiki hata mibano ishirini, vidole vinakufa. Leo nimepita sitini. Mwezi ujao nitakuja kuijaribu tena, usiifunike ile pikipiki."

Mama alinifuata mpaka barazani akanong'ona kwamba usiku vidole vyake vinatetemeka hata kikombe anakishika kwa shida, na kwamba nisithubutu kusema nimeambiwa.

Chakula kikaja. Nilitaka kusema naumwa na tumbo, lakini Baba alikuwa amekaa mbele yangu anangoja, akaniuliza kama tui limekolea. Nikamwambia limekolea. Akaniongezea wali. Nimekula sahani mbili za wali wa tui lililokamuliwa na mkono nilioudanganya kwamba umekwisha, na zimeshuka zote, ndivyo nilivyo.

Nilipotoka pale nilikuja moja kwa moja hapa. Nilikuwa na wazo, na lilikuwa wazo zuri, na ndilo lililonifanya nijifungie ndani. Ningezitoa zile nyekundu, nikazirudisha zile laini. Kazi ya nusu saa. Mwezi ujao Baba angekuja, angeikamata klachi, ingeingia kama zamani, naye angeamini kwamba nazi zimemponya. Angefurahi mpaka angewasimulia watu msikitini. Twalib angebaki ameduwaa, na nisingelazimika kumwambia mtu neno lolote.

Nilishamwaga oili. Nilishatoa mkono wa kiki. Nilishafungua skurubu tatu za kifuniko.

Hapo nikakaa chini sakafuni.

Maana angefurahi, ndiyo, na angekuwa kichekesho mbele ya sisi wachache tunaojua. Mara ya kwanza tulimdanganya kwamba hawezi. Mara ya pili ningemdanganya mimi peke yangu kwamba ameweza. Angeondoka hapa na uso umeng'aa, akienda kwenye njia panda ile ile yenye malori yale yale, na bado katika ukoo mzima asingekuwapo hata mmoja aliyewahi kumtazama machoni akamwambia anaogopa.

Twalib, ulisema hatumvunjii adabu. Tumemwachia ajivunjie mwenyewe mbele yangu, kwa mikono miwili, nami napangusa spana. Usiniletee tena neno heshima. Na kabla hujaanza kusema kwamba kazi niliifanya mimi, ndiyo, niliifanya mimi. Wewe ulikuja na kanzu safi na ukaondoka na kanzu safi. Mimi ndiye niliyekaza nati. Sikuombi unisaidie kubeba hilo, nakuomba usijifanye hulioni.

Nimezirudisha skurubu tatu. Nimerudisha mkono wa kiki. Springi nyekundu zimo ndani bado, na zitabaki humo mpaka kesho.

Nimeandika kundini maneno machache tu: kesho saa tatu asubuhi, uani kwa Baba, klachi inafunguliwa, anayetaka kuja aje. Alama za buluu za waliosoma zimeanza kutokea. Twalib amepiga simu mara tatu na sijaipokea. Kahindi, ambaye hayumo kundini na hakuambiwa kitu, amepita dirishani, ameona pikipiki imeegeshwa kwenye ngazi za mlango tayari kutolewa nje, oili yake iko kwenye karai, akasema kesho atakuja mapema tuisukume pamoja. Nimemwinulia mkono.

Tutaisukuma kwa miguu, na oili nitaitia huko huko baadaye. Nitampelekea Baba na sanduku lake mwenyewe la spana, lile alilonipa alipochoka kuinama. Sitafungua mimi. Atafungua yeye, polepole, kama alivyonionyesha, akipanga skurubu kwenye sinia kwa mpangilio wa zinavyotoka. Akiinua kifuniko ataona nyekundu nne zinamtazama. Hapo nitasema nani alizifunga, nani aliomba zifungwe, na nani aliweka kiganja cha kumi na nane. Nitasema mbele ya Mama.

Halafu nitasema lile lingine, lile ambalo lote hili lilifanywa ili lisisemwe. Baba, naiogopa ile njia panda. Naogopa utafia pale. Nitamwambia usoni, nikiwa nimekaa chini kuliko yeye, na anijibu atakavyo. Anaweza kunifukuza. Anaweza kusema hataki kuniona mpaka mvua zije na kupita. Anaweza kurudisha springi zake laini akapiga kiki akaenda Ganda mbele ya macho yetu, na hilo litakuwa lake la kuamua, na mimi nitabaki na hofu yangu mchana kutwa kama mtoto mwingine yeyote mwenye baba.

Zile springi za zamani nimezifuta oili, nimezifunga kwenye leso, ziko hapa kando yangu. Laini, nyepesi, unaweza kuzibonyeza kwa kidole gumba. Kwetu kitu hupokelewa kwa mkono wa kulia, na Baba alinichapa mara moja tu utotoni, nilipopokea andazi kwa kushoto. Kesho nitamwomba aunyooshe huo huo wa kushoto. Nitauwekea ya zamani, aibonyeze. Kisha nitauwekea nyekundu.

Baba, umekamua nazi thelathini kwa ajili ya uongo wangu. Nataka ukweli nao uujue kwa mkono huo huo.